Besi Haikosi Nguvu, Inakosa Nafasi

Miongoni mwa malalamiko ya vijana wanaorekodi muziki wa bendi majumbani mwao, lile la besi ndilo sugu zaidi. Gitaa la solo husikika, mwimbaji husikika, hata kayamba husikika. Lakini gitaa la besi hugeuka ngurumo isiyo na umbo, mithili ya lori linalopita nyuma ya nyumba. Aghalabu mchanganyaji wa sauti hutafuta dawa kwa kuipandisha besi. Ngurumo huzidi, noti hazitambuliki, na hatimaye huamuliwa kwamba mpigaji hafai na kwamba tarakilishi itaifanya kazi hiyo vyema zaidi. Uamuzi huo si wa haki. Besi inayorekodiwa nyumbani haikosi nguvu. Inakosa nafasi, na nafasi hiyo iko mikononi mwa ala nyingine na mwa yule anayezichanganya.

Hasara ya kuipoteza besi si ndogo. Katika benga, mtindo uliochipuka Nyanza, besi haikai nyuma kama bawabu. Hujibizana na gitaa na kuwaonyesha wachezaji pa kuweka mguu. Katika rumba iliyopigwa Nairobi hali ni hiyo hiyo. Anayeusikiliza wimbo “Sina Makosa” wa Les Wanyika, uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, anaweza kuifuata besi noti kwa noti bila kupotezwa na magitaa. Isitoshe, besi iliyovurugika haijidhuru yenyewe tu. Sauti nzito ina tabia ya kuzifunika sauti zilizo juu yake, na sauti ya mwimbaji wa kiume huanzia karibu na masafa hayo. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili wenye besi ya tope huyameza maneno yake wenyewe, na wapenzi wa lugha hawawezi kulipuuza jambo hilo.

Ili kuelewa msongamano unakotoka, yafaa kuanza na nyuzi. Gitaa la besi la nyuzi nne, zikiachwa wazi, hutoa mitetemo ipatayo 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Ngoma ya mguu nayo huweka uzito wake mwingi kati ya 50 na 100. Hivyo basi, kabla mtu mwingine hajaingia, wageni wawili tayari wamekalia kiti kimoja. Kisha huja gitaa la ridhimu, ambalo uzi wake mnene zaidi hutetema mara 82, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, ambao hupenda kuzurura huko huko chini. Ikifika kati ya 200 na 300, kila ala imeacha kitu pale, na hapo ndipo tope linapojikusanya. Kumwongezea mmoja sauti katika umati wa namna hiyo ni kuongeza kelele tu.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, haimo katika mtambo wowote. Imo katika mpangilio wa wimbo. Mpiga kinanda na apandishe mkono wake wa kushoto, au auondoe kabisa penye besi. Mpiga besi na mpiga ngoma na wakubaliane ni wapi wanapiga pamoja na ni wapi mmoja anamwachia mwenzake. Baada ya hapo ndipo programu ya kuchanganyia itumike: magitaa na sauti za waimbaji zichujwe chini ya mitetemo 80 au 100, mahali ambapo hazina jambo la maana la kusema, tope la 200 hadi 300 lipunguzwe kidogo katika ala zinazolizidisha, na kati ya besi na ngoma ya mguu, mmoja apewe sakafu na mwingine akae juu yake kidogo. Kompresa isaidie kusawazisha noti dhaifu na zenye nguvu, lakini isiwe ya haraka kiasi cha kuua mguso wa kidole kwenye uzi. Aghalabu mchanganyaji anayepunguza kwingine hugundua kwamba besi imejitokeza bila kuguswa.

Jambo la pili ni chumba, na hapa vijana wengi hudanganyika. Studio nyingi za nyumbani ni vyumba vya futi kumi kwa kumi vyenye kuta za mawe. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Katika chumba cha mita tatu, wimbi la mitetemo 57 hivi hutoshea mara mbili ya umbali wa ukuta hadi ukuta, likanaswa na kuvuma. Noti zilizo karibu na hapo, kama ile ya uzi wa pili kwa unene, huvimba karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba. Mchanganyaji aliyeketi katikati husadiki kwamba besi ni hafifu, akaiongeza; wimbo ukitoka nje, unanguruma. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani hazisaidii hapo, kwa maana haziwezi kulimeza wimbi lenye urefu wa mita sita. Afadhali magodoro manene yaliyosimamishwa pembeni, ingawa nayo hupunguza kiasi tu. Kwa upande wa kurekodi, mpigaji aweza kukikwepa chumba kabisa kwa kuingiza kebo ya gitaa moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia.

Kuna tatizo la tatu ambalo ni la kijamii zaidi ya kiufundi. Vijana wengi huchanganya muziki usiku, sauti ikiwa chini ili wasiwaudhi majirani. Mwaka wa 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu hupoteza sauti nzito kwanza pale sauti inaposhushwa. Kazi ya usiku wa manane, basi, karibu kila mara hutoka na besi iliyozidi. Hekima ni kuikagua tena mchana, sauti ikiwa ya wastani, kando ya wimbo mwingine ambao besi yake inajulikana kuwa safi.

Wapo watakaodai kwamba juhudi hizi ni bure, kwa kuwa msikilizaji wa leo ama yumo ndani ya matatu yenye spika kubwa, ama anasikiliza kwa simu. Dai hilo lina ukweli nusu. Spika ya simu hutoa kidogo sana chini ya mitetemo 200, lakini sikio lina uwezo wa kuikisia noti ya chini kutokana na mitetemo ya juu inayoandamana nayo. Besi iliyoachiwa mguso wake karibu na mitetemo 700 hadi 1,000 hufuatika hata kwenye simu. Ile iliyojazwa uzito mtupu hutoweka huko, na ndani ya matatu hutikisa vioo tu. Wasikilizaji hao wawili, basi, wanadai kitu kimoja.

Wengine watasema kwamba nyumbani si mahali pa kazi safi. Hao na wakumbuke kwamba studio ya Motown mjini Detroit ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida iliyonunuliwa mwaka wa 1959, na kwamba humo James Jamerson aliirekodi besi yake kwa kuiunganisha moja kwa moja na mtambo wa kuchanganyia. Ni kweli kwamba nyumba hiyo ilikuwa na mafundi hodari na vifaa ambavyo kijana wa leo hana. Lakini funzo linabaki: katika nyimbo zile kila ala ilijua mahali pake.

Penye wengi pana mengi, na bendi ni wengi. Kabla ya kumfukuza mpiga besi na kuiweka tarakilishi badala yake, bendi changa na zijiulize ni nani kati ya waliobaki aliyekalia kiti chake. Tarakilishi nayo itakapoketishwa katika msongamano ule ule, itanguruma vile vile, na tofauti itakuwa kwamba kijana mmoja aliyejua kuwachezesha watu atakuwa ameenda nyumbani.