Minyoo Rafiki na Jua la Voi

Tangu viwavijeshi vamizi wagunduliwe nchini Kenya mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi wamekimbilia pampu ya sumu, ambayo ni ghali na huua hata wadudu wenye manufaa. Ipo njia nyingine, nayo yastahili kujaribiwa Taita Taveta.

Nematodi ni minyoo wadogo mno waishio udongoni. Baadhi yao humwingia kiwavi na kumwachia bakteria wanaomuua kwa muda wa siku mbili hivi, bila kuudhuru mmea. Udhaifu wao ni kwamba wakinyunyizwa kwa maji matupu, jua na ukavu huwamaliza mapema. Na jua la Voi halina huruma.

Watafiti wa Rwanda na wenzao wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, waliwachanganya nematodi katika rojo zito linalohifadhi unyevu, wakalitia katika moyo wa mhindi, maficho ya kiwavi. Mashambani, rojo hilo lilipunguza viwavi.

Wataita si wageni wa elimu hii. Mwaka 2002, kituo cha ICIPE kiliachilia nyigu wadogo milimani Taita kupambana na viwavi wa kabeji, nao wakafaulu.

Basi kaunti na shirika la KALRO wawatafute nematodi wa udongo wetu na kuwajaribu Voi. Walimu wa kilimo nao watenge vipande viwili vya shamba, kimoja cha maji, kingine cha rojo, na wanafunzi wahesabu viwavi. Mkulima ataamini anachokiona shambani kuliko anachohubiriwa barazani.