Kipande Ambacho Ukumbi Unaondoka Nacho

Wasanii chipukizi huniletea nyimbo zao niwapigie harusini. Karibu wote husifia vitu vilevile: video ya gharama, biti ya prodyuza mkubwa, mistari yenye mafumbo. Sibishi. Lakini mimi DJ wa harusi nina kipimo kimoja: kiitikio kikifika, nashusha sauti yote. Ukumbi ukiendelea kuimba, wimbo umenata. La sivyo nasikia vijiko tu.

Msikilizaji hashiki wimbo mzima. Anashika kipande kidogo, na hicho ndicho kinachoubeba wimbo.

Mtazame mwimbaji Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 "Maria Salome", wimbo wa Kihaya, ulichezwa na Watanzania wasiojua hata salamu ya Kihaya. Ngoma zinakwenda mwendo uleule, sauti moja inaita, nyingine zinaitikia. Wengi mpaka leo wanauita "Chambua Kama Karanga": walishika kipande, wakakigeuza jina. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipokirudisha katika "Salome", kazi yangu ikawa nyepesi. Vijana walisimama kwa sababu ya upya, shangazi zao kwa sababu walishakijua.

Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya nayo yaliikuta hayohayo. "Jambo Bwana" ya 1982, iliyotungwa na Teddy Kalanda, imejaa salamu ambazo mtalii wa hoteli za Pwani angeweza kuzitamka siku ya kwanza. Wengi wanaiita "Hakuna Matata".

Mtaniambia redio ikiupiga wimbo asubuhi na jioni, lazima utanata. Kweli, sikio hupenda lilichokizoea. Ila promo huufikisha wimbo sikioni tu. Ikikatika, unabaki wimbo ambao hata asiye na sauti anauweza: noti chache zilizokaribiana, silabi nyepesi, na nafasi ya kupumua kabla ya kuitikia. Siku hizi nafasi hiyo inajazwa vionjo, vicheko na jina la prodyuza. Mwimbaji anaita, kisha anajiitikia mwenyewe. Ukumbi uingilie wapi?

Kwa hiyo, kijana, kabla hujanifuata, mpigie wimbo wako mamantilie wa mtaani kwenu mara mbili, kisha uzime. Akipakua wali huku anaimba, hata kama maneno anayakosea, njoo nao Jumamosi. Akinyamaza, rudi studio ukapunguze.