Risala ya Wajukuu wa Kinondoni na Temeke kuhusu Ramani za Zamani



Sisi wakazi wa Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, tunatafuta walipoishi babu na bibi zetu. Hatudai viwanja. Tunalisema hili mapema kwa sababu kila tukiulizia ramani ya zamani, karani hutuona tumekuja na kesi ya ardhi.

Kero ndogo ni ya mipaka. Wapo wenzetu ambao karatasi za babu zao zinataja Wilaya ya Mzizima, wilaya ambayo haipo tena. Kinondoni ikazaa Ubungo, Temeke ikazaa Kigamboni, na kila ofisi inatuelekeza kwa jirani yake.

Kero kubwa ni ramani zenyewe. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Uzunguni kila kiwanja kilipimwa kikapewa namba. Huku kwetu, Keko na Mwananyamala, nyumba za miti na udongo zilisimama bila kumsubiri mpimaji. Ukiikunjua ramani ya enzi hizo unaona shamba la minazi. Bibi atakuambia palikuwa na kisima, msikiti na nyumba ya fundi cherehani. Tunamwamini bibi. Lakini bibi peke yake hatoshi, na ramani peke yake haitoshi.

Kwa hiyo tunaomba nakala za ramani za mji, za Wajerumani na za Waingereza, zifike ofisi za kata, nasi tulipie gharama ya fotokopi tu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inafungua nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30; hizi zimepita umri huo zamani sana.

Tunaomba pia wazee watembezwe mtaani pamoja na vijana wenye simu. Hilo linawezekana: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata za jiji hili. Walichora mifereji kwa ajili ya mafuriko. Sisi tunataka visima, makaburi na majina ya mitaa ya zamani, yale ambayo vibao vya anwani za makazi havikuyabeba.

Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilirudishwa kwenye maghorofa mwaka 2022, mchoro wa kota za awali ubandikwe pale pale.

Tunaomba jibu la maandishi kupitia serikali za mitaa kabla ya masika. Wazee walio tayari kutembea wapo, na baadhi yao wamevuka miaka 80.