Pweza Tumlaye na Elimu Yake

Msafiri atokaye Kibiti kwenda Mafia hupanda chombo Nyamisati, akapita baina ya mikoko ya Delta ya Rufiji hata akaifikia bahari. Katika delta wavuvi hupata kamba na kaa. Lakini pweza hukaa mbali na maji matamu ya mto, wala hakuna aina hata moja ya pweza au ngisi iishiyo katika maji hayo. Makao yake ni miamba ya Mafia, ambako kina mama na vijana humchokoa tunduni wakati wa bamvua, maji yakipwa.

Pweza huyu twamla na twamuuza. Je, twamjua?

Alikuwako mtaalamu mmoja Mwingereza, J. Z. Young, aliyezaliwa mwaka 1907. Akiwa kijana alikwenda Napoli, Italia, kuchunguza viumbe vya bahari, na tangu hapo ngisi na pweza hawakumtoka moyoni. Mwaka 1936 aliwaeleza wenziwe kwamba mirija fulani ya ngisi, iliyodhaniwa kuwa mishipa ya damu, ni mishipa ya fahamu yenye unene ufikao milimita 1. Kwa mishipa hiyo Hodgkin na Huxley walifahamu jinsi habari zipitavyo mwilini, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Young naye aliendelea na pweza: alihesabu chembe zake za fahamu, akaona zapata milioni 500, na nyingi zimo katika minyiri kuliko katika ubongo. Alifariki mwaka 1997. Mtu wa miaka 90 alitumia umri wake kumsoma kiumbe ambaye, kwa pweza wa miamba yetu, umri wake hauzidi sana mwaka mmoja!

Hapa kwetu pia elimu hiyo imepata watu. Mwaka 2002 Martin Guard na Yunus Mgaya walitoa uchunguzi wao juu ya uvuvi wa pweza Tanzania, Mafia ikiwamo.

Basi na tujue jambo hili moja. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia tunduni, akayalinda mayai na kuyapepea maji, wala hawindi tena. Yakisha kuanguliwa, hufa. Amchokoaye kabla ya siku hiyo hakuchukua pweza mmoja, bali maelfu. Sheria yetu yakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Lakini jike hukawia kukomaa kuliko dume, hivyo aweza kuupita uzito huo naye hajataga kamwe. Ndiyo sababu wavuvi wa Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004 walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa zaidi.

Katika Sura An-Nahl chakula cha baharini kimetajwa miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu. Neema hushukuriwa kwa ulimi, na hushukuriwa pia kwa kutunzwa. Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto aulizapo habari za pweza aliye chunguni, msimnyamazishe. Nanyi vijana, waulizeni wazee wa mwambani wayajuayo, kisha someni vitabuni. Na mkimkuta mama juu ya mayai yake, mwacheni amalize kazi yake.