Bustani Iliyoficha Kitabu

Mgeni anayekwenda Kisiwa cha Robben huwa na haraka ya kuona kitu kimoja tu: chumba namba 5 cha gereza, alimofungwa Nelson Mandela. Ameshuka kwenye boti kutoka Cape Town, upepo wa Atlantiki umeshampiga vya kutosha, simu iko mkononi. Anachungulia, anapiga picha ya blanketi na ndoo, kisha anawapisha walio nyuma yake. Uani anapita kama mtu anayekatiza baraza la jirani.

Hapo ndipo anapopoteza nauli yake. Katika ua huohuo wa Kitengo B, miaka ya mwanzo ya kifungo chao, Nelson Mandela na wenzake waliketi safu kwa safu wakiponda mawe kwa nyundo, wamekatazwa kuzungumza. Mandela alifungwa miaka 27, na 18 kati ya hiyo, kuanzia 1964 hadi 1982, aliitumikia kisiwani. Kwa muda mrefu aliomba apewe kipande cha ardhi kando ya ukuta alime. Wakubwa wa gereza walikataa bila kutoa sababu, kisha siku moja wakakubali.

Ardhi yenyewe ilikuwa kichekesho. Ua ulijengwa juu ya kifusi, na kila jembe lilipoingia lilitoa jiwe. Baadhi ya wafungwa wenzake wakamtania kwamba moyoni huyu ni mchimba migodi. Lakini nyanya zikaota, na pilipili, na vitunguu. Mazao mazuri mengine aliwapa askari jela.

Kulikuwa na mche mmoja wa nyanya alioupenda mno, hata akamwandikia mkewe Winnie habari zake: alivyoulea tangu ukiwa kichipukizi hadi ukazaa matunda mekundu, kisha ukaanza kunyauka bila dawa. Ulipokufa aling'oa mizizi, akaiosha, akaizika kwenye pembe ya bustani. Mtu aliyenyimwa kuwalea wanawe aliufanyia mche maziko.

Udongo huo ulifunika na jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1970 Mandela alikuwa akiandika usiku kumbukumbu za maisha yake, na wafungwa wenzake Mac Maharaj na Laloo Chiba wakizinakili kwa herufi ndogondogo. Nakala hiyo Maharaj alitoka nayo kwa siri alipoachiwa mwaka 1976. Ya asili iliviringishwa kwenye plastiki, ikatiwa katika makopo matupu ya kakao na kufukiwa uani. Kisha wakaja watu na sururu kujenga ukuta mpya, palepale. Wafungwa waliwahi kuokoa sehemu ya karatasi. Nyingine ikaangukia mikononi mwa wakubwa. Mandela na wenzake Walter Sisulu na Ahmed Kathrada wakafutiwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Kitabu kilichokua kutoka kwenye karatasi hizo kilitoka mwaka 1994, mwenyewe akiwa rais.

Ndiyo maana utulivu wa ua wa jela ni wa kutiliwa shaka kidogo. Ukimtuliza mgeni bila kumweleza kilichopita hapo, umegeuka pazia. Kivuli, majani na upepo wa bahari vinaweza kumsahaulisha mtu kwamba ndani ya ukuta huo Waafrika walivalishwa kaptula katika baridi na kunyimwa mkate ambao wafungwa Wahindi walipewa.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kulipima hili. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yakafunguliwa 1960. Ngome ya Lamu nayo ilifunga watu hadi 1984. Muulize mwanafunzi aliyetoka huko ziara amekumbuka nini: atakutajia mizinga, Wareno, kuzingirwa na Waomani. Wafungwa, ambao baadhi ya wajukuu wao pengine wanauza madafu getini, hawamo.

Dakika kumi zingetosha. Mgeni asimamishwe uani kwanza, kabla ya chumba chochote na kabla ya picha, aoneshwe mahali nyundo zilipogonga na ukuta uliojengwa juu ya makopo ya kakao. Kisha aachwe akae kwenye kivuli anavyotaka.