Mashine ya Babu Isikwanguliwe

Huenda nanyi, mlipofungua sanduku la marehemu babu, mlikuta mashine yake ya kunyolea ndevu, ile ya madini inayotiwa wembe wenye makali pande mbili. Wiki hii twataka kuzungumza juu ya kuisafisha, kwa sababu sisi tulikosea.

Mashine za namna hii zilienea kutoka Marekani, ambako King C. Gillette alipewa hataza mwaka 1904. Nyingi za zamani mwili wake ni shaba, na juu yake umepakwa utando wa nikeli, fedha au dhahabu, mwembamba kuliko unywele. Ya babu yetu ilikuwa ya dhahabu. Tulipoiona imefubaa tuliifanyia kama tuzifanyiavyo sinia za shaba Idi ikikaribia: ukwaju, majivu, na kusugua. Iling'aa kweli. Tulipoisuuza, dhahabu ya mpini ilikuwa imekwenda na maji. Mama aliishika kimya, kisha akasema, "Hapa ndipo vidole vyake vilipokuwa vikikaa."

Sinia ni shaba tupu, ndiyo maana hustahimili. Kilichopakwa hakistahimili. Basi fanyeni hivi:

Kwanza, toeni wembe wa zamani kwa uangalifu, muutie ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

Pili, iloweni mashine kwa dakika kumi katika maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, yenye matone machache ya sabuni ya vyombo.

Tatu, pitisheni taratibu mswaki laini wa mtoto. Penye mikunjo, tumieni kijiti cha meno cha mti, wala si sindano. Utando wa sabuni na chumvi ya maji ya kisima usipotoka, loweni tena, msiongeze nguvu.

Nne, suuzeni, kausheni kwa kitambaa cha pamba, na mdondoshee tone moja la mafuta ya cherehani panapozunguka.

Jiepusheni na ndimu, siki, ukwaju, jiki, majivu, steliwaya, na hata dawa ya meno, kwani nayo ina chembe zinazokwangua.

Kijana akitaka kuitumia, atie wembe mpya na asishirikiane na mwingine, maana damu kidogo yaweza kubeba homa ya ini.

Doa likibaki, liacheni. Uchafu uliosalia leo waweza kuondolewa kesho, bali dhahabu ikishaondoka, fundi aweza kupaka nyingine tu. Ile aliyoishika babu hairudi. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atujaalie tutunze walichotuachia.