Haki ya kumwondoa mbunge yabaki maandishini tu

KWA Wakenya wengi, mbunge akishaapishwa hana wa kumuuliza hadi uchaguzi mwingine uwadie. Hata akiwasahau waliompigia kura, hawana budi kuvumilia miaka mitano.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010 ilinuia kukomesha hali hiyo. Kifungu cha 104 kinawapa wapigakura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kukamilika. Hata hivyo, tangu wakati huo hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Kiini cha tatizo ni kwamba Katiba iliwaachia wabunge wenyewe kazi ya kutunga sheria ya kutekeleza haki hiyo. Wahenga waliita hali kama hii kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilijaa vizingiti. Kwanza, ilibidi Mahakama Kuu ithibitishe kwamba mbunge amekiuka Sura ya Sita kuhusu uongozi na maadili, amefuja mali ya umma au ametenda kosa la uchaguzi. Kisha zihitajike saini za asilimia 30 ya wapigakura waliosajiliwa katika eneobunge.

Isitoshe, ombi halikuruhusiwa katika miaka miwili ya kwanza ya muhula wala katika mwaka wa mwisho. Hivyo, kati ya miaka mitano, mbunge alikuwa na la kuhofia kwa miwili pekee. Naye aliyeshindwa kwenye uchaguzi alizuiwa kuanzisha ombi hilo.

Mnamo 2017, Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya masharti hayo, ikisema yalikuwa ya ubaguzi. Bunge lilipaswa kuziba pengo hilo upesi. Badala yake, mnamo 2025 Tume ya Uchaguzi (IEBC) ilikiri kwamba pengo lingalipo kuhusu wabunge, ingawa madiwani wanaweza kuondolewa.

Kinaya ni kwamba diwani wa wadi anaweza kufutwa na wapigakura, ilhali mbunge anayepitisha bajeti ya taifa zima amekingwa.

Tume yenyewe ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Hata kama sheria ingekuwepo, ombi la wananchi lingekosa wa kuliamua.

Mlango wa sheria ukifungwa, hasira hutafuta njia nyingine. Mnamo Juni 25, 2024, wabunge walipopitisha Mswada wa Fedha, waandamanaji waliingia Bungeni kwa nguvu na watu kadhaa wakauawa. Rais William Ruto alikataa kuutia saini kesho yake. Wabunge waliouunga mkono walisalia vitini.

Watakaoomba kura mnamo 2027 wanafaa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: je, watapitisha sheria itakayowawezesha waajiri wao kuwafuta kazi? Atakayekwepa kulijibu atakuwa amejibu.